Tundu la Tatu

Kuna kitu umewahi kufanya na kalamu ya biro ambacho hakihusiani na kuandika. Chaja yako ina pini mbili, soketi ina matundu matatu, pini zinagoma kuingia. Unadunga kalamu kwenye lile tundu la juu, kitu kinafunguka huko ndani, chaja inaingia, maisha yanaendelea. Mimi nilifundishwa hiyo mbinu nikiwa shule ya msingi, kwenye kioski kimoja hapa Awasi ambapo tulilipa ili simu ya dani ichajiwe. Kwetu nyumbani stima haikuwa imefika.

Kumbe kile unachofungua na kalamu kiliwekwa makusudi ili kisifunguke ovyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliunda kamati ya kupanga jinsi nyumba za baada ya vita zitakavyotiwa umeme. Kati ya wanakamati wote, mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett. Ripoti yao ilitoka 1944, na kufikia 1947 ikazaa kiwango cha BS 1363, yaani ile plagi nene ya pini tatu za pembe nne yenye fyuzi ndani yake. Pini ya athi ilifanywa ndefu kuliko zingine. Itangulie kuingia, na yenyewe ndiyo isukume vifuniko vinavyoziba laivu na nyutro, ili mtoto akidunga waya kwenye tundu la chini asipate kitu. Kenya ilikuwa koloni, ikapokea soketi hiyo hiyo. Kalamu ilikuja baadaye, hiyo ni kazi yetu.

Soketi ilifika lakini stima ilichelewa sana. (Neno lenyewe ni la meli. Watu wa Kisumu walijua stima ya ziwani, kama ile SS William Mackinnon iliyoletwa vipande vipande na kushushwa majini 1900, kabla neno halijahamia kwenye nyaya.) East African Power and Lighting iliundwa 1922 kwa kuunganisha kampuni za Nairobi na Mombasa, na biashara yake ilikuwa miji na wenye pesa. Mpango wa serikali wa kupeleka umeme mashambani ulianza 1973. Hata hivyo sensa ya 2009 ilikuta ni kama asilimia 23 tu ya kaya za Kenya zinazotumia umeme kwa mwanga. Na hapo Sondu Miriu, sio mbali na sisi, mtambo wa megawati 60 ulikuwa umeanza kuzalisha umeme mwaka mmoja kabla. Unaona nguzo kubwa zikipita juu ya shamba lako, na wewe unanunua mafuta ya taa.

Kisha 2015 ukaja mradi wa Last Mile. Ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma, tena unaweza kulipa polepole. Watu wengi husimulia hadithi hii wakaishia hapo, kwa sherehe. Lakini kampuni huishia kwenye mita. Kutoka mita kwenda ndani, nyumba ni yako na waya ni wako. Wasio na waya kabisa walipewa ready board, kibao chenye holda, swichi na soketi tayari. Wengine ilibidi watafute fundi mwenye leseni ya serikali, ambaye cheti chake ndicho kinachoruhusu mita iwashwe.

Sisi tulikuwa na mimi.

Ilikuwa 2016, nimemaliza kidato cha nne, najiona mhandisi tayari. Dani alinipa pesa ya vifaa. Nilinunua waya nyekundu na nyeusi, nikaangalia bei ya ile ya kijani, nikairudisha. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazowasha taa, nikajiambia, hii kijani haiwashi chochote. Cheti kilisainiwa na mtu niliyempata steji, ambaye hakuwahi kuvuka mlango wa dani. Jioni taa ikawaka, majirani wakaja, dani akapiga kigelegele. Sijawahi kusifiwa hivyo tena.

Miaka mitatu baadaye shangazi alituma friji kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa chuo, kozi ya umeme ambayo sikuimaliza kwa sababu ya karo. Niliporudi nilimkuta dani akifungua friji kwa kitambaa kikavu, miguuni amevaa ndala. Nikamuuliza kwa nini. "Friji huuma," akasema, kama mtu anayekuambia ng'ombe fulani hupiga teke. Alidhani friji zote ziko hivyo.

Baba mdogo, ambaye amefanya kazi ya waya viwandani miaka mingi na leseni anayo, alizima mita na kufungua soketi ya jikoni.

"Omera, nani alifunga hii?"

"Ni mimi, baba."

"Athi iko wapi?"

Nilinyamaza.

"Kwa hivyo hili tundu ni la kuwekea kalamu tu."

Alinieleza nikiwa nimeshika tochi. Laivu ikigusa bodi ya friji, stima inatafuta njia ya kwenda chini, na bila ile waya ya kijani njia ilikuwa dani. Tulivuta kijani nyumba nzima, siku mbili. Fimbo ya shaba tuliipigilia nyuma ya bafu, maji yanapomwagika, kwa sababu udongo mweusi wa Kano ukikauka hupasuka na haupitishi stima vizuri. Nilidhani tumemaliza. Akasema fimbo peke yake mara nyingi haiangushi breka, tukarudi dukani kununua kile kifaa kinachokata stima ikivuja miliampia 30. Kilikuwa bei kuliko waya zote nilizonunua 2016.

Alibonyeza kitufe cha kujaribu, nyumba ikawa giza. Akawasha tena, akamwita dani ashike mlango wa friji kwa mkono mtupu. Dani alisimama kidogo, kisha akaniambia nianze mimi.

Nilishika. Akafuata, na vidole viwili.

Kile kitambaa bado kinaning'inia kwenye mpini wa friji. Dani anasema ni cha kufutia mikono.