Kadi Mbili Juu ya Meza

Muuzaji pale Kariakoo aliniwekea kadi mbili za picha juu ya meza, bei karibu sawa. "Chukua hii ya Nvidia, mdogo wangu, ndiyo vijana wote wanaitaka." Akiba yangu ya miezi kumi na minne ilikuwa mfukoni. Nikikosea hapo, basi, sina pengine pa kuitoa. Nikamwambia, "Subiri kwanza, kaka." Maana kompyuta ninayoiunga itatumia Linux, ya kuandikia riwaya mchana na kuchezea gemu usiku (mama asisikie), na kwa Linux kadi ina historia yake.

Ndugu msomaji, Linux ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21. Kompyuta yake ilikuwa ya prosesa ya 386, tena ya kulipia kidogo kidogo. Gemu hazikuchelewa: Doom ilifika 1994. Lakini Loki, kampuni iliyoanzishwa 1998 kuleta gemu kwenye Linux, ilifungwa Januari 2002. Wanunuzi walikuwa wachache mno.

Kumbe ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi. Nvidia ilitoa draiva ya Linux, tena yenye nguvu, ila iliyofungwa. Fundi wa nje hawezi kuisoma wala kuirekebisha. Kiini cha Linux kikibadilika, unakaa kuingojea kampuni. AMD, iliyoinunua ATI mwaka 2006, ilianza 2007 kutoa nyaraka za kadi zake. Mafundi wakaandika draiva huria, na leo inakuja ndani ya Linux yenyewe. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliionyeshea Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera. Utovu wa adabu, ndiyo, lakini mimi nilicheka.

Mwaka 2013 Valve ikaleta Steam kwenye Linux, na 2018 Proton, inayoendesha gemu za Windows, ingawa zipo zinazogoma mpaka leo. Steam Deck ya 2022 ikatoka na chipu ya AMD. Mwaka huohuo Nvidia nayo ikafungua sehemu ya draiva yake. Haki yao wapewe.

Nikachukua ya AMD. Muuzaji akatikisa kichwa, akaifunga kwa gazeti. Imebaki pawa saplai, nayo nitaanza kuikusanyia mwezi ujao.