Pampu ya maputo

Pampu ya maputo ni kifaa cha mkono, mguu au umeme cha kujazia hewa kwenye puto, hasa puto refu jembamba ambalo watumbuizaji wa watoto hulisokota likawa mbwa, upanga au ua. Puto la mpira lilitengenezwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1824 kwa ajili ya majaribio ya gesi. Puto la kusokota hujulikana kwa namba 260, yaani upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 60 likishajazwa, na wembamba wake ndio unaofanya kulipuliza kwa mdomo kuwe kazi ngumu.

Uchaguzi

Sifa ya kwanza ni wingi wa hewa kwa kila msukumo, wala si ukubwa wa shinikizo. Pampu ya baiskeli, inayopatikana kila gulio, hutoa hewa kidogo kwa nguvu nyingi, kwa hiyo humchosha msokotaji. Inayopendelewa ni pampu ya mkono ya njia mbili, ambayo hutoa hewa pistoni inapokwenda na inaporudi. Kanuni hiyo inakaribiana na ile ya wahunzi wa Unyamwezi, ambao majembe yao yaliuzwa kando ya njia ya misafara katika karne ya 19, na ambao mivukuto yao ya jozi ilibonyezwa kwa zamu ili upepo usikatike.

Ncha ya pampu iwe laini, iliyochongoka polepole, kwa sababu ukingo mkali huchana shingo ya puto. Msukumo uwe rahisi kuusimamisha, kwa kuwa msokotaji huacha mkia mtupu ambao hewa huukimbilia kila anaposokota. Pampu ya umeme ni ya haraka, lakini hufaa zaidi kupambia ukumbi.

Matumizi katika Nzega

Katika Nzega, wilaya ya mkoa wa Tabora, vumbi la kiangazi hukwaruza pete ya pistoni, hivyo pampu huhifadhiwa mfukoni. Grisi ya baiskeli haifai kuilainisha, kwani mafuta ya petroli huozesha mpira wa puto. Hutumika mafuta ya silikoni. Juani puto hujazwa pungufu, maana hewa iliyomo hupanuka kwa joto.

Usalama

Vipande vya puto lililopasuka huweza kumkaba mtoto.