Hawezi Nini, na Siku Ipi? Mafao ya Ugonjwa nchini Uingereza Baada ya Kushindwa Rufaa

Utangulizi

Mtu wa pwani akisema "fulani hawezi", msikilizaji haulizi hawezi nini. Sentensi imekamilika: fulani ni mgonjwa, na aliye karibu naye anajua wajibu wake. Sheria ya mafao ya ugonjwa nchini Uingereza nayo imejengwa juu ya dhana ya kutoweza, ila haitosheki na neno hilo peke yake. Inataka kujua mtu hawezi nini, kwa kiasi gani, na siku ipi.

Makala haya yanashughulikia swali hilo la mwisho. Hoja yake ni kwamba baraza la rufaa huamua hali ya mgonjwa katika siku moja iliyokwisha kupita, lakini kanuni zilizoanza kutumika tarehe 30 Machi 2015 huifanya hukumu ya siku hiyo kuwa kipimo cha muda usio na mwisho. Mgonjwa aliyeshindwa rufaa hubeba hukumu nzito kuliko ile iliyotolewa.

Kutoka fomu hadi rufaa

Fao linalozungumziwa hapa ni lile lijulikanalo kwa kifupi kama ESA, lililoanza Oktoba 2008 chini ya Sheria ya Marekebisho ya Ustawi ya 2007. Mwombaji hujaza fomu ndefu, kisha kwa kawaida hupimwa na mtaalamu wa afya wa kampuni yenye mkataba na serikali. Kipimo kina shughuli 17, 10 za mwili na 7 za akili, na anayetaka kukubaliwa kwa kipimo hicho sharti afikishe alama 15. Asiyeweza kwenda zaidi ya mita 50 bila kusimama kwa sababu ya maumivu au uchovu mkubwa hupata alama zote 15 kwa mara moja. Anayekomea mita 100 hupata 9, na anayekomea mita 200 hupata 6. Kwa hiyo mtu anayeishia mita 100, kama hana alama nyingine, huandikiwa kwamba kazi anaiweza, isipokuwa ithibitike kuwa uamuzi huo ungehatarisha sana afya yake.

Asiyeridhika hukata rufaa katika Baraza la Ngazi ya Kwanza. Tangu Oktoba 2013, waombaji wa ESA walilazimishwa kwanza kuiomba Wizara ya Kazi na Pensheni iupitie upya uamuzi wake, na katika kipindi hicho cha kusubiri ESA haikulipwa. Julai 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba sharti hilo, kwa watu ambao wangelipwa wakati wa rufaa, liliwazuia kuifikia haki kupita kiasi. Rufaa ikishapokewa, mgonjwa anayeendelea kupeleka cheti cha daktari hulipwa kiwango cha awali. Kuanzia Aprili 2015 hadi mapema 2020, kiwango hicho kilikuwa pauni 73.10 kwa wiki kwa mwenye umri wa miaka 25 au zaidi. Fedha hizo hazirudishwi hata rufaa ikishindwa. Ni utambuzi wa haki kwamba mtu hawezi kusubiri hukumu akiwa na njaa.

Siku inayohukumiwa

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1998 kinalikataza baraza kuzingatia hali ambayo haikuwapo siku uamuzi unaopingwa ulipotolewa. Ushahidi wa baadaye unaruhusiwa, mradi uangaze siku ile.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyekuwa akifanya usafi maofisini hadi mgongo ukamlaza. Uamuzi wa kumnyima fao ulitolewa tarehe 3 Machi, na shauri linasikilizwa Novemba. Mbele yake wameketi jaji na daktari, na kila mmoja ana bunda la karatasi zenye namba za kurasa. Daktari anamuuliza kama alikuwa akifika dukani bila kupumzika. Anajibu kwa maumivu ya jana usiku, maana hayo ndiyo anayoyajua. Mkalimani anamgeukia na kumwambia taratibu, "Wanauliza habari za Machi, mama." Anajaribu kukumbuka Machi. Anasema siku nyingine alifika na siku nyingine hakufika. Hakuna karatasi inayoonyesha siku zipi zilikuwa nyingi zaidi, na rufaa inakataliwa.

Baraza halikukosea kisheria. Liliulizwa kuhusu tarehe 3 Machi na likajibu kuhusu tarehe 3 Machi. Halikuulizwa kama mwanamke huyu anaweza kupiga deki leo, na halikusema kwamba anaweza.

Yanayofuata baada ya hukumu

Malipo ya kusubiri hukoma mara wizara inapopata taarifa ya hukumu. Mgonjwa ana mwezi mmoja kuomba sababu za hukumu kwa maandishi, kisha mwezi mwingine tangu atumiwe sababu hizo kuomba ruhusa ya kwenda Baraza la Juu. Huko hasikilizwi kuhusu mgongo. Anasikilizwa tu kama kuna kosa la kisheria.

Wakati huo kodi ya nyumba haisubiri. Njia aliyoachiwa kwa miaka mingi ilikuwa fao la watafuta kazi, ambalo mwombaji wake hutia saini kwamba yuko tayari kufanya kazi. Ni mtu yuleyule ambaye daktari wake amemwandikia cheti kwamba haifai afanye kazi. Hata cheti chenyewe kiliwahi kuwa shida. Toleo moja la barua ya wizara liliwaambia madaktari hawana haja ya kuendelea kutoa vyeti, bila kutaja kwamba anayekata rufaa bado anavihitaji, na lilikosolewa bungeni hadi likarekebishwa.

Kuomba ESA upya hakukukatazwa. Kilichobadilika ni malipo. Kabla ya 30 Machi 2015, miezi sita ikipita, mtu aliweza kuomba tena kwa ugonjwa uleule na kulipwa akisubiri kupimwa. Baada ya tarehe hiyo halipwi katika kusubiri huko mpaka aonyeshe ugonjwa mpya, au kwamba ule wa zamani umezidi sana. Mfumo mpya wa mafao, Universal Credit, haukati kiwango cha msingi, lakini unamweka mgonjwa chini ya masharti ya kutafuta kazi. Nao humpima upya aliyekwisha kukataliwa pale tu panapoonekana hali yake imebadilika, au kwamba uamuzi wa kwanza ulikosea au haukujua jambo la msingi.

Sharti la "kuzidi sana" huwaumiza watu wa aina mbili. Kuna anayezorota kidogo kidogo, ambaye hana siku hata moja anayoweza kuionyesha kwa kidole. Na kuna aliyeshindwa kwa kukosa ushahidi, kama mwanamke wetu. Tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali uliondolewa katika rufaa za mafao za ngazi ya kwanza, na wengi huingia barazani bila mtetezi. Mtu wa namna hii alikosa shahidi, barua ya daktari, au mtu wa kumweleza maana ya swali. Sheria inamjibu kwa kumtaka awe mgonjwa zaidi.

Hoja ya serikali

Serikali ina hoja inayostahili kujibiwa. Bila kizuizi, mtu angeweza kuomba, kushindwa na kuomba tena, akilipwa katika kila kusubiri, na rufaa zingepoteza maana. Fedha ni za umma, na kila hukumu lazima iwe na uzito.

Hata hivyo, kizuizi cha miezi sita kilikuwa tayari kinaizuia desturi hiyo. Kilikiri pia ukweli ambao kanuni ya sasa imeutupa, kwamba kadiri siku zinavyopita ndivyo hukumu ya siku moja inavyopungua nguvu. Hukumu ina uzito kwa jambo lililohukumiwa. Kuipa uzito kwa mambo ambayo kifungu cha 12 kinalikataza baraza kuyatazama ni kuliwekea baraza maneno mdomoni.

Hitimisho

Marekebisho matatu yangetosha kuanzia. La kwanza ni kurudisha muda maalumu, kama miezi sita, ambao ukipita cheti kipya cha daktari kitoshe kufungua malipo ya kusubiri kupimwa. La pili ni barua ya hukumu itaje waziwazi tarehe iliyohukumiwa, na ieleze kwamba hali ya baadaye haikuamuliwa. La tatu ni kurudisha msaada wa kisheria hapo ngazi ya kwanza, ambapo ushahidi hupatikana au hupotea.

Mwanamke yule akitoka barazani, jirani atamuuliza hali. Atajibu "siwezi", na atakuwa anasema kweli, kwa maana jirani anauliza habari za leo. Sheria iliyomuuliza habari za Machi haina budi kurudi kumuuliza za leo kabla ya kumfungia mlango.