Corona na uchumi vilivyochangia kumng'oa Trump 2020, kisha kumrudisha 2024

Mwanzoni mwa 2020, Rais Donald Trump wa Marekani alikuwa na kitu ambacho kila rais anayetaka muhula wa pili hukiombea: uchumi mzuri. Februari mwaka huo, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.5 tu.

Historia nayo ilikuwa upande wake. Herbert Hoover (1932), Jimmy Carter (1980) na George H. W. Bush (1992) walishindwa kutetea viti vyao wakati wananchi wakilalamikia hali ngumu ya maisha. Trump hakuwa na tatizo hilo.

Halafu corona ikaingia.

Ajira zayeyuka

Majimbo mengi yaliamuru watu wakae nyumbani. Hoteli, migahawa na viwanja vya ndege vikabaki vitupu. Mwezi Aprili pekee zilipotea ajira zaidi ya milioni 20, na ukosefu wa ajira ukaruka hadi asilimia 14.7.

Serikali ikamwaga hela. Machi 27, Trump alisaini sheria ya msaada wa takriban dola trilioni 2.2. Watu wazima wengi walipata dola 1,200 kila mmoja, na hundi zilizotumwa kwa posta zilikuwa na jina la Trump. Waliopoteza kazi waliongezewa dola 600 kwa wiki hadi mwisho wa Julai.

Ndio maana uchumi haukummaliza moja kwa moja. Kufikia Oktoba, ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka hadi asilimia 6.9, na wengi bado walimwamini kwenye mambo ya pesa.

Swali lipi ni kubwa zaidi?

Hapa ndipo ugonjwa ulipobadilisha mchezo. Wapiga kura waligawanyika: wengine walijiuliza nani atafufua biashara, wengine nani atadhibiti maambukizi.

Utafiti uliofanywa kwa wapiga kura ulionyesha mgawanyiko huo wazi. Waliosema uchumi ndio suala kuu walimpa Trump kura kwa wingi, takriban 8 kati ya 10. Waliotaja corona walimpa Joe Biden kwa kiwango kama hicho hicho.

Trump alitaka watu wazungumzie uchumi, lakini corona haikumpa nafasi. Oktoba 2 alitangaza kwamba yeye mwenyewe ameambukizwa, akalazwa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed. Siku ya uchaguzi, Novemba 3, Wamarekani zaidi ya 230,000 walikuwa wameshafariki.

Kura kwa posta

Ugonjwa ulibadilisha hata namna ya kupiga kura. Watu zaidi ya milioni 100 walipiga kura kabla ya siku yenyewe, wengi kwa posta ili kuepuka foleni. Karibu theluthi mbili ya wenye sifa walishiriki, kiwango kikubwa kuliko chote tangu 1900.

Wafuasi wa Biden ndio waliotumia posta zaidi, kwa kuwa Trump aliipinga njia hiyo. Majimbo kama Pennsylvania hayakuruhusiwa kuanza kushughulikia kura hizo kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa hiyo usiku wa kwanza Trump alionekana anaongoza, kisha pengo likaanza kupungua. Akadai ameibiwa, lakini mahakama moja baada ya nyingine zikayatupa madai hayo.

Biden alishinda kwa kura za wajumbe 306 dhidi ya 232. Lakini kumbe ilikuwa padogo sana: Georgia, Arizona na Wisconsin kwa pamoja zilimpa tofauti ya kura zisizofika 43,000. Angezikosa hizo tatu, wangefungana 269 kwa 269.

Deni likaja kwa Biden

Corona ilipopungua, athari zake kiuchumi zilibaki. Usafirishaji wa bidhaa ulivurugika, pesa za msaada zilikuwa nyingi mikononi mwa watu, kisha vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta. Juni 2022, mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1, wa juu zaidi kwa miaka 40.

Kufikia uchaguzi wa 2024 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 3. Tatizo ni kwamba mfumuko kushuka si bei kushuka. Bei hupanda taratibu tu. Mayai, nyama na kodi ya nyumba vilibaki ghali kuliko 2020, na wengi walikumbuka maisha yalivyokuwa kabla ya corona. Kamala Harris, makamu wa Biden, akabeba lawama hizo na kushindwa na Trump kwa kura za wajumbe 226 dhidi ya 312.

Yaani janga moja liliwaumiza waliokuwa madarakani mara mbili: kwanza kwa vifo, kisha kwa bei. Mpiga kura haulizi sana nani alianzisha tatizo. Anamwangalia aliyepo ofisini siku anapoumia.