Foki ya pikipiki na mchanga wa Wajir

Leo naacha mambo ya kodi na seva, nizungumzie foki ya pikipiki, yaani zile shoki mbili za mbele. Ukipita stendi ya boda boda Wajir, angalia miguu ya mbele ya pikipiki. Nyingi zina mstari wa mafuta yaliyochanganyika na vumbi jeupe. Mstari huo una historia ndefu kuliko unavyodhani.

Pikipiki za kwanza zilikuwa na foki ngumu kama ya baiskeli. Kampuni ya Scott, Uingereza, ilijaribu mabomba yanayoingiana mwaka 1908. Nimbus ya Denmark ikafanya hivyo 1934, ila bila mafuta ya kutuliza springi. Mwaka 1935 BMW ikaleta R12: bomba, springi na mafuta pamoja. Gurudumu likigonga shimo, mafuta hupenya kwenye matundu madogo, na springi hairukiruki. Vita vikaja, na kuanzia 1941 jeshi la Uingereza likawa na Matchless G3/L yenye foki ya namna hiyo. Baada ya vita karibu kila kiwanda kikafuata. Honda alichukua njia nyingine kwa Super Cub ya 1958, akaweka vikono vifupi badala ya mabomba marefu.

Sasa turudi Wajir. Eneo hili liliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Lami ya mjini ilikuja baada ya ugatuzi wa 2013, ingawa ndege zilikuwa zikitua kwenye lami hapo hapo zamani! Katikati ya hayo, mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, na pikipiki za India na China zikajaa nchi nzima. Nyingi za China zina injini yenye asili ya Honda CG125 ya 1976. Foki yake ni ile ya 1935, na mpira mmoja mwembamba, sili, ndio unaozuia mafuta yasitoke.

Mchanga wa Wajir hauijui sili. Unanata kwenye bomba, unakwaruza, sili inakatika. Mafuta yanateremka hadi kwenye breki ya mbele. Hapo si suala la starehe tena, maana kuna abiria nyuma, pengine mama na mtoto.

Kwa hiyo ukifungua foki, usibadilishe sili peke yake. Biringisha bomba juu ya kioo, uone kama limepinda. Likiwa na vishimo vya kutu, sili mpya haitafika mbali. Osha mchanga wote wa ndani, pima mafuta sawasawa pande zote mbili. Ule mpira wa mikunjo unaofunika bomba usiutupe kwa ajili ya urembo. Ukichanika, nunua mwingine. Kwa Wajir huo ni muhimu kuliko chapa ya mafuta.

Na wanaotaka kuhamisha foki ya pikipiki nyingine? Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili: maktaba mpya inaingia vizuri, kisha kila kitu kinavunjika. Pima kwanza shina la usukani na beringi zake, unene wa mabomba, ekseli, na mahali breki inaposhikwa. Urefu nao ni muhimu. Foki ndefu huinua mbele na usukani unakuwa mzito, fupi hufanya usukani uwe mwepesi mno ukienda kasi.

Waliobuni foki hii waliwazia barabara za Ulaya. Kazi ya kuifanya iishi mchangani imeachiwa fundi wa juakali, na malipo yake ni madogo kuliko hatari anayoizuia. Mkimwona, msimpunguzie bei sana.

Haya, tukutane wiki ijayo.