Uso wa Tantine: liftingi ilianzia wapi?

Kwenye kipindi kilichopita niliwagusia habari ya tantine wangu, na wengi mmeniandikia kuuliza imefikia wapi. Haya, wacha nianzie pale alipoanzia yeye mwenyewe. Tulikuwa kwenye basi la 71, tumetoka tu kupita Porte de Namur, akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Mutoto wangu, ile liftingi, banakataka wapi?"

Sikuwa na jibu. Tantine ana miaka 58, amesafisha ofisi za watu hapa Brussels zaidi ya miaka ishirini. Mwezi ule alikuwa ameomba kazi ya mapokezi, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba wanatafuta mtu "mwenye nguvu mpya". Si mnaelewa maana yake. Na kutoka Matonge hadi kliniki za urembo za Avenue Louise ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu. Kumbe alikuwa ameshafika huko, akarudi na karatasi ya bei.

Wanakata wapi? Swali hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1901, mjini Berlin, mama mmoja wa ukoo wa kitajiri kutoka Poland alimwendea daktari Eugen Holländer akamwomba amvute mashavu na pembe za mdomo. Wazo lilikuwa la yule mama, si la daktari. Holländer mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba alishawishiwa mpaka akakubali. Alikata vipande vya ngozi mbele ya masikio na kwenye mstari wa nywele, akashona. Basi. Wengi wanaihesabu kuwa liftingi ya kwanza.

Ila ninayempenda mimi katika historia hii ni Suzanne Noël, daktari wa Paris aliyezaliwa 1878. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akitengeneza nyuso za askari zilizovunjwa na mabomu. Baadaye akaendelea na wanawake, akiwapasua katika nyumba yake mwenyewe, kwa mikato midogo, na mgonjwa anarudi kwake siku hiyohiyo. Alikuwa pia akipigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1926 alitoa kitabu kuhusu upasuaji wa urembo na kazi yake katika jamii, na hoja yake ilikuwa wazi: mwanamke anayeonekana mzee anafukuzwa kazi, au hapewi kabisa, kwa hiyo kumnyoosha uso ni kumsaidia ale. Wasio na pesa mara nyingine hakuwalipisha. Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Miaka mia moja imepita, na tantine wangu yuko kwenye basi na sababu ileile mkononi.

Lakini liftingi za zamani zile hazikudumu. Ngozi ukiivuta inatanuka tena. Ni kama kunyoosha shuka kila asubuhi wakati godoro lenyewe ndilo limebonyea. Ilichukua muda mrefu madaktari kushuka chini ya shuka. Mwaka 1974 Tord Skoog, daktari wa Uppsala kule Sweden, alionyesha namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. Miaka miwili baadaye Wafaransa wawili, Mitz na Peyronie, walilichora na kulieleza vizuri tabaka lile: jembamba, la misuli na nyuzi, linalobeba uso mzima. Tangu hapo daktari anayejua kazi anavuta na kukaza tabaka hilo, halafu ngozi anailaza juu bila kuilazimisha. Ndiyo maana liftingi nzuri huioni, na mbaya unaiona kutoka ng'ambo ya barabara.

Na Ubelgiji wetu umo humu. Huko Gent, kama nusu saa kwa treni kutoka hapa, Patrick Tonnard na Alexis Verpaele walitafuta njia fupi zaidi: mkato unaanzia kwenye ndewe ya sikio, unapanda mbele yake na kufuata nywele za panjani, halafu uso unaning'inizwa kwa nyuzi kuelekea juu. Waliichapisha 2002, na leo inafanywa nchi nyingi.

Sasa tuje kwetu. Historia hii yote iliandikwa juu ya nyuso za wazungu. Ngozi nyeusi inajikinga na jua vizuri zaidi, kwa hiyo mikunjo midogo huchelewa. Kinacholegea mapema ni chini ya macho, mashavu na taya. Halafu kuna keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mpaka wa kidonda, ambayo watu weusi wanayapata zaidi, na masikio ni mahali pake hasa. Nilimwomba tantine anionyeshe alipotobolewa masikio na alipochanjwa begani. Pako safi. Hiyo si ahadi, ila ni jambo la kumwambia daktari kabla hajashika kisu.

Hatari inayotokea zaidi ni damu kujikusanya chini ya ngozi baada ya upasuaji, na presha ya juu inaiongeza. Sigara nayo inaharibu kupona. Mishipa ya fahamu ya uso inaweza kuguswa, mdomo ukapinda, mara nyingi kwa muda tu. Na baada ya haya yote uso unaendelea kuzeeka. Wengi wanahesabu kama miaka kumi.

Tena mitiweli hailipi urembo, na tangu tarehe 1 Januari 2016 unaongezewa kodi ya asilimia 21. Sheria ya tarehe 23 Mei 2013 inasema ni daktari gani anaruhusiwa kufanya nini, kwa hiyo kumuuliza daktari sifa zake si utovu wa adabu. Tantine aliona aibu. Nikamwambia nitauliza mimi.

Tulianza kwa daktari wake wa kawaida, apimwe presha. Ilikuwa 17 kwa 10, na hakuwa anajua. Sasa anameza dawa kila asubuhi, na wiki iliyopita amepeleka barua ya kazi mahali pengine. Ile karatasi ya bei iko bado kwenye mlango wa frigo, chini ya sumaku ya Bukavu. Hajaitupa, na mimi sijamuuliza.