Kagunga ni Darasa

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesoma uhamaji wa watu hufundishwa kwanza kumtenganisha mhamiaji na mkimbizi. Somo la pili liko Kagunga. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji hicho cha wavuvi, kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikazuka, nacho hakikuchagua mgeni wala mwenyeji. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawachukua wakimbizi hadi Kigoma, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Mkoa huo ulikwisha kuwapokea Warundi mwaka 1972 na tena 1993. Basi, ndugu msomaji, anayehesabu waliofika tu amesoma nusu. Nusu nyingine anayo mwenyeji aliyewapokea.